Namba 4,294,967,297 na sifa zinazostahili kuitwa sifa

Mtu akitaka kusifia namba kubwa, aghalabu huanza kwa kuchezea tarakimu zake. Chukua 4,294,967,297. Ukijumlisha tarakimu zake unapata 59, na 59 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Haya, kisha? Hilo linatokana na desturi yetu ya kuandika kwa makumi. Iandike kwa 0 na 1 tu: itakuwa 1, sifuri 31, halafu 1 nyingine, na ile 59 haipo tena. Kwangu mimi, sifa ya namba ni ile inayobaki palepale uiandike utakavyo, na ya kwanza kuuliziwa ni vigawo vyake.

Namba hii ni 2³² ukiongeza 1. Katika karne ya 17 mwanahisabati Pierre de Fermat aliwaona ndugu wadogo wa namba hii, 3, 5, 17, 257 na 65,537 (yaani 2¹, 2², 2⁴, 2⁸ na 2¹⁶, kila moja ukiiongezea 1), wote tasa, akaamini na huyu ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Leonhard Euler, akaivunja namba hiyo: ni 641 mara 6,700,417.

Anayetafuta kigawo kwa kubahatisha ana namba tasa 6,542 za kujaribu kabla ya kufika kwenye kipeuo chake cha pili. Lakini kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Sharti hilo peke yake linafagia karibu zote. Zinazoanza ni 193, 257, 449, 577, na ya tano ndiyo hiyo 641.

Kinachonikosha zaidi ni kwamba kuthibitisha kuwa 641 ni kigawo hakuhitaji hata kugawanya. 641 ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Izidishe kwa 2²⁸, upate 640⁴ + 2³², kwa kuwa 640 ni 5 × 2⁷. Jumla hiyo inagawanyika kwa 641. Sasa tazama 640⁴ − 1: ni 639 × 641 × (640² + 1), kwa hiyo nayo inagawanyika. Toa hii kwenye ile ya kwanza. Kinachobaki ni 2³² + 1, basi.

Najua kompyuta hutoa vigawo hivyo kufumba na kufumbua. Ila inakupa jibu bila sababu, na mimi nataka sababu.

Ipo na njia nyingine ya kuiumbua. Namba yetu ni 65,536² + 1², na pia ni 62,264² + 20,449² (kokotoa mwenyewe, karatasi moja inatosha). Namba tasa haiwezi kuwa jumla ya vipeo vya pili viwili kwa njia mbili tofauti. Kwa hiyo hata asiyewahi kuisikia 641 angejua, kwa mistari hiyo miwili tu, kwamba hii si tasa.