Mto wa kwao una mwenyewe

Mkisikia Uholanzi mnafikiria Amsterdam. Mimi naishi Betuwe, shamba kabisa, katikati ya mito: Waal upande huu, tawi jingine la Rhine upande ule. Tambarare tupu. Mtu wa Mwanza aliyezoea mawe kila kona atatafuta hata la kunolea kisu asilipate. Udongo ni mfinyanzi mzito, unang'ang'ania buti kama mbuga za Kwimba wakati wa masika, ila pale ambapo sisi tungetengeneza majaruba ya mpunga, wao wamepanda matufaa.

Salamu hawana. Ni "hoi" moja juu ya baiskeli, keshapita. Upweke wa Januari sitaki hata kuusimulia.

Lakini kwenye maji nawavulia kofia. Kila mwaka naletewa bili ya kodi ya bodi ya maji, na wajumbe wengi wa bodi hiyo wanapigiwa kura. Tuta la kuzuia mto likitoa ufa, unajua wa kumpigia simu. Mwaka 1995 mito ilipofura, walihamishwa watu kama 250,000 pamoja na mifugo. Baadaye hawakuishia kuinua matuta tu. Kule Lent, ng'ambo ya Nijmegen, walilirudisha tuta nyuma mita 350, nyumba zikabomolewa, ili Waal upate pa kupumulia.

Sisi je? Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Haya, nenda mto Mirongo, hapo hapo jijini Mwanza, ukazipime. Mvua moja tu, chupa za plastiki, pampasi na maganda ya miwa vinateremka mpaka ziwani, tunakovua sato na kuvuta maji ya bomba. Mto Simiyu nao, kiangazi watu wanafukua mchanga wapate ndoo moja, masika mto huo huo unameza mashamba, na kila mtu anamwangalia mwenzake.

Mtasema wale wana hela. Bodi zao za kwanza ni za karne ya 13, wakulima na majembe yao, kila mwenye shamba na kipande chake cha tuta. Na sisi ni watu gani? Wezi wa ng'ombe walipozidi miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi waliunda sungusungu wenyewe, wakachanga, wakakesha.

Kwa Mirongo napendekeza elfu mbili kwa kaya kila mwaka, na kamati ya kuchaguliwa mtaa kwa mtaa, hesabu zibandikwe ukutani. Ya nyumbani kwetu Mabatini nitalipa mimi.