Methadoni au soba: Tanga tunabishania nini?

Ukitaja mateja, yaani waraibu wa unga (heroini), kwenye baraza za Ngamiani, haichukui muda watu kugawanyika. Wapo wanaosema teja ni mgonjwa, apelekwe hospitali ya Bombo akanywe methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Wengine wanakuja juu: nani alimlazimisha? Aingizwe soba, nyumba wanakokaa waraibu wanaoacha unga, akae miezi yake, atoke msafi, asihamie kwenye dawa nyingine. Mimi naegemea wa kwanza, ila si kwa yote wanayosema.

Heroini inapoingia mwilini hushika vipokezi vile vile ambavyo mwili huvitumia kwa vituliza maumivu vyake wenyewe. Papo hapo dopamini, kemikali ya raha ya ubongo, hupanda, na ubongo hujifunza kwamba jambo hili ni la kurudiwa. Likirudiwa vya kutosha, ubongo hujipanga upya kuishi na unga. Unga ukikosekana inakuja arosto: mifupa inauma, tumbo linaharisha, usingizi haupatikani. Mtu aliyefika hapo hatafuti tena raha, anatafuta kusimama. Methadoni hushika vipokezi hivyo hivyo, lakini taratibu, na dozi moja hutosha siku nzima. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander waliionyesha kazi yake New York miaka ya 1960, Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, na Muhimbili ikaanza kuitoa mwaka 2011. Akishapata dozi inayomfaa, mtu anaweza kwenda Deep Sea kupakua samaki kama wenzake.

Wapinzani wanaiita unga wa serikali. Hilo silikubali, ila wana hoja nyingine wanayoipita haraka: dozi kwa kawaida hunywewa kliniki, mbele ya mhudumu, kila siku. Anayetoka Muheza au Pangani atapata wapi nauli ya kila siku, na mwajiri gani atamvumilia?

Soba nayo ina kitu ambacho kikombe cha dawa hakina. Kuna ratiba, kuna wenzake, na kuna mlezi anayeushtukia uongo wa teja kwa kuwa naye aliwahi kuusema. Hatari ipo siku ya kutoka. Baada ya miezi bila unga mwili umeshapoteza uzoefu, na kipimo chake cha zamani kinaweza kumzima pumzi. Familia nyingi hushangilia siku hiyo na kuona kazi imekwisha, kumbe wiki zinazofuata ndizo za kumwangalia zaidi. Wanaoendesha soba wangepaswa kulisema hili waziwazi, hata kama linaharibu sherehe.

Kuna jambo linaloisumbua kambi yangu pia. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia askari wa Marekani waliokuwa wamezoea heroini Vietnam. Waliporudi kwao miaka ya 1970, wengi waliacha, na sehemu kubwa hawakupata tiba yoyote. Kama ni ubongo peke yake, ungewafuata hadi nyumbani. Lakini wanaodai ni suala la nia tu wasifurahi mapema: wale askari walikiacha kijiwe ng'ambo ya bahari. Kijana wa Makorora anarudi kwenye kijiwe kile kile, kwa muuzaji anayemjua kwa jina.

Na wapo walioanza unga ili kunyamazisha kitu kingine, sonona au jeraha la utotoni. Ukiutoa unga, kile kitu kinabaki, na methadoni haikitibu. Mkoa wetu una Lutindi, hospitali ya akili iliyopo milimani Korogwe tangu enzi za Wajerumani, lakini kuna nyumba ambazo afadhali mtoto aitwe teja kuliko aitwe chizi.

Kwa hiyo ugomvi wa Bombo na soba naona umekaa vibaya. Soba yenye msimamo wa kukataa dawa zote humfungia mlango anayekunywa methadoni, na huyo ndiye mwenye nafasi nzuri ya kutulia humo. Alale soba, asubuhi apelekwe Bombo akanywe dozi yake, na huko huko aulizwe kuhusu usingizi wake, hofu zake na yaliyompata kabla ya kete ya kwanza.