Fundi, Nitolee Mionzi

Katika kazi ya ufundi hapa Kondele, Kisumu, nimeombwa mengi. Kuna mchungaji aliyetaka spika yake isikike hadi kanisa la jirani, tena alisisitiza: hadi ndani. Kuna mama aliyeleta pasi niipunguzie joto kwa sababu mumewe hana subira. Lakini Baba Achieng' wa Migosi ndiye wa kwanza kutaka nimtolee mionzi kwenye maikrowevu yake.

"Itoe yote," akasema, ameegemea meza yangu katikati ya redio zilizopasuliwa matumbo. "Vile mnatoa gesi kwa friji. Ukimaliza, funga, uniambie ni pesa ngapi."

Nikamwambia maikrowevu haina mionzi iliyowekwa ndani ikingoja kutolewa. Kuna kifaa kinaitwa magnetroni. Stima ikiingia kinatoa mawimbi, stima ikikatika kinanyamaza.

"Hayo utamwambia mama," akasema. "Mimi nataka tu kula."

Mama huyo, Dani kwa wajukuu, alikuwa ametoka Usenge kuja kuwatembelea. Msimdhanie mshamba. Ameuza samaki ufuoni tangu ujana wake, na hesabu zake hazihitaji kalkuleta. Aliishi na ile maikrowevu kwa amani mpaka mjukuu alipotia ndani yai zima, na ganda lake. Maji ya ndani ya yai hugeuka mvuke, ganda linaukatalia njia, na yai linabaki likingoja sababu. Hili lilipata sababu mtoto alipokwisha kufungua mlango. Hakuumia, Mungu mkubwa, lakini kiini kiliruka hadi kwenye picha ya harusi ukutani kikamtua bwana harusi usoni.

Dani akamtazama mwanawe pale pichani, hana macho wala pua, akatangaza kwamba kitu kilichopita ndani ya bomu hakitapita kooni mwake wala kwa mtu wa nyumba hii. Tangu hapo chakula kikawa kinapashwa kwa makaa, na makaa yanazimwa saa mbili usiku. Baba Achieng' hufika nyumbani saa tatu.

Nilipoingia nilimkuta Dani ameketi kwenye kiti kilicho mbali kabisa na jikoni. Kando yake alikuwa shemeji wa nyumba, kaka yake Mama Achieng', kijana wa chuo anayejua kila kitu kilichowahi kuwekwa kwenye video.

"Fundi," Dani akaanza, "hiyo kitu si ni eksirei?"

"Hapana, Dani. Eksirei ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye chembe za mwili, ndiyo maana yule wa hospitali hujificha nyuma ya ukuta. Haya mawimbi hayana nguvu hiyo. Yanatikisa maji yaliyo kwenye chakula mpaka yapate moto, basi. Ni ndugu wa mawimbi ya redio."

"Na ni nani aliamua kupikia watu redio?"

Nikafurahi, maana jibu nilikuwa nalo. Nikamweleza habari za Percy Spencer, Mmarekani wa kampuni ya Raytheon aliyekuwa akifanya kazi na mitambo ya rada. Mwaka wa 1945, akiwa karibu na magnetroni, alikuta chokoleti imeyeyuka mfukoni mwake. Mwingine angekimbia, yeye akaleta mahindi, yakawa bisi.

"Huyo mzungu yuko wapi sasa?"

"Alikufa, Dani. 1970."

Dani akamgeukia mwanawe. "Umesikia?"

"Alikuwa na miaka 76!" nikalalamika.

"Chokoleti ilienda mara moja. Yeye ilimchukua muda."

Nikaona heri nirudi ziwani. Nikamwonyesha wavu wa chuma ulio kwenye kioo cha mlango, matundu yake milimita moja hivi, nikamwambia wimbi lenyewe lina urefu wa sentimita 12. Mbuta mzima atapitaje kwenye wavu wa omena?

Akafikiri. Nikaamini nimeshinda.

"Wavu hutoboka," akasema.

Na ukweli usemwe, hapo alinipata. Mlango ukipinda, ukipasuka au ukikataa kujifunga sawasawa, maikrowevu hiyo haifai kuwashwa. Nikaukagua mbele yake, bawaba, ndoano, kioo, nikakuta kila kitu kiko sawa. Baba Achieng' akataka nifungue na mgongo ili "tuone vizuri". Nikakataa. Cha kuogopwa mle ndani si mionzi, ni kapasita, kifaa cha kuhifadhi stima, ambayo hubeba zaidi ya volti 2,000 na inaweza kubaki nazo hata waya ukishachomolewa. Hiyo ndiyo huua mafundi. Kwa fundi kuuawa na kapasita hakuna anayetengeneza video.

"Kuna njia rahisi," kijana wa chuo akadakia. "Unaweka simu ndani, unafunga, unaipigia. Ikilia, mionzi inavuja."

Nikamwambia jaribio hilo halipimi kitu. Ili simu ilie inahitaji nguvu ndogo kuliko sehemu moja ya bilioni ya wati, kwa hivyo hata mlango mzima wa maikrowevu hauwezi kuiziba masikio kabisa. "Na kama ni lazima ujaribu," nikaongeza, "chomoa kwanza waya ukutani." Soketi ilikuwa nyuma ya maikrowevu, na mbele yake kumepangwa galoni za maji. Kijana akaziangalia zile galoni, akaona ni kazi. Huyu huyu alikuwa ameniambia analala kichwa kando ya WiFi, ambayo hutumia takriban masafa yaleyale ya maikrowevu, na hajawahi kukosa usingizi.

Nilipogeuka, simu iliyokuwa ndani ilikuwa yangu, niliyoiacha juu ya friji ikinimulikia.

"Ya fundi ndiyo nzuri," akaeleza. "Imezoea stima."

Baba Achieng' tayari alikuwa amepiga. Mlio wa simu yangu ni jogoo, na jogoo akawika ndani ya maikrowevu.

"Inavuja!" kijana akapiga kelele.

Dani, ambaye muda wote amekuwa akilalamikia magoti, alifika jikoni kabla yetu sote. "Nyamazisheni hiyo kitu!" Akabonyeza kitufe kikubwa kuliko vingine. Kwenye mashine ile kitufe hicho ndicho cha kuwasha, na kila ukikibonyeza tena kinaongeza nusu dakika. Jogoo hakunyamaza, kwa hivyo Dani naye hakuacha. Taa ikawaka, sahani ikaanza kuzunguka, simu yangu ikapitishwa mbele yetu polepole, inawika. Kisha zikaanza cheche za buluu. Saa ya mashine ilisoma dakika 2:30.

Nikarukia soketi. Baba Achieng' akanidaka mshipi kwa nyuma. "Usisogee, fundi! Una watoto!" Kijana akanikamata mguu. Nilikuwa nikisema nizime ukutani. Wao walisikia nifungue mlango. Tukavutana, galoni zikaanguka, maji yakatufikia viatuni, jogoo akawika mara ya mwisho kwa sauti ambayo hakuna ndege aliyeumbwa nayo, na Dani akaanza kukemea kwa Kijaluo.

Giza.

"Asante Yesu," Dani akasema.

Kutoka chumbani Mama Achieng' akauliza ni nani amemaliza tokeni za stima alizoweka asubuhi. Hakuna aliyemjibu.

Nikapapasa nikachomoa waya. Nyuma ya kioo moshi ulikuwa umejaa, nikawaonya mlango usiguswe kwanza, maana moto ukinyimwa hewa hujifia wenyewe. Tulipoufungua baadaye kwa mwanga wa simu ya kijana (ambayo, nikaiona, ilikuwa nzima kabisa), yangu ilikuwa imevimba betri na kukunjika kioo. Deni lake tu ndilo halikuguswa. Nailipia kidogo kidogo kila siku.

"Sasa fundi," Baba Achieng' akanong'ona, "na mionzi?"

"Mionzi gani? Stima ilipokatika iliishia palepale. Haibaki kwenye sanduku wala kwenye chakula."

"Imeisha?"

"Imeisha."

"Yote?"

"Yote. Ila msiwashe mpaka nirudi niisafishe na kuikagua."

Akashusha pumzi. Dani akasogea, akachungulia ndani, akanusa. "Ikisafishwa nitakula," akasema.

Nikaona ni wakati mzuri wa kutaja pesa: za kazi, na za simu. Baba Achieng' alilitafakari jambo hilo kwa makini, kwa sababu ni mtu wa haki.

"Ya simu tutaongea mwisho wa mwezi," akasema. "Lakini ya kazi, fundi, tuseme ukweli. Aliyebonyeza ni mama."

Akachomoa noti ya elfu moja, akamkabidhi Dani kwa mikono miwili. Dani akaifunga kwenye pindo la leso. Kisha akanitazama na viatu vyangu vilivyolowa, akanionea huruma, akafungua tena lile pindo akatoa hamsini.

"Shika ya boda, kijana wangu," akasema. "Kazi utaizoea."