Pete za miti na ahadi ya mto Colorado

Mwaka 1922 majimbo saba ya Marekani yaligawana maji ya mto Colorado, unaokatiza nchi kame ya kusini-magharibi. Bonde la juu liliahidiwa mita za ujazo bilioni 9.25 kwa mwaka, la chini vivyo hivyo. Mwaka 1944 Meksiko ikaahidiwa bilioni 1.85. Jumla bilioni 20.35, kabla jua halijachukua lake.

Ahadi hiyo iliegemea vipimo vya miaka michache, na miaka yenyewe ilikuwa ya neema. Mwaka 1976 watafiti Charles Stockton na Gordon Jacoby walisoma pete za miti, yaani alama za ukuaji wa kila mwaka ndani ya shina, wakakadiria kuwa kwa karne kadhaa mto ulileta wastani wa bilioni 16.65 tu. Hadi leo wapo wanaosema mti si kipimamvua, usiitwe shahidi. Wengi wao, nadhani, hawajaona kazi hii inavyofanywa.

Keekee ya mkono yenye tundu huzungushwa hadi ndani ya shina, ikatoa kijiti chembamba kuliko penseli. Mti haufi. Kijiti hugundishwa kwenye ubao na kupigwa msasa hadi seli zenyewe zionekane kwa hadubini: ukanda mpana wa rangi nyepesi, kisha mstari mweusi pale ukuaji wa mwaka ulipokoma. Mwaka wa kiangazi kikali pete hubana ikawa kama uzi. Mwaka 2002 baadhi ya miti haikuweka pete kabisa.

Basi hesabu ya miaka si imeharibika? Ingeharibika kama tungetegemea mti mmoja. Mwanafalaki A. E. Douglass, aliyeanzisha kazi hii huko Arizona, alilinganisha mti kwa mti, maana mfuatano wa pete nyembamba na pana haujirudii hivihivi. Pete iliyokosekana huku huonekana kule. Mwaka 1929 boriti iliyoungua, iliyofukuliwa katika mji wa Show Low, Arizona, iliunganisha mfuatano wa miti hai na ule wa boriti za magofu ya kale. Ukame wa 1276 hadi 1299 ukapata tarehe zake.

Zipo pingamizi ninazoziheshimu. Mti ukishashiba maji, mvua ya ziada haiongezi upana wa pete, kwa hiyo miti hueleza ukame vizuri kuliko mafuriko. Tena, hata bila miti, mtaalamu wa maji wa serikali E. C. LaRue alionya katika miaka ya 1920 kwamba mto hautatosha, na hakusikilizwa. Ni kweli, ukaidi hautibiwi na takwimu. Lakini ilikuwa rahisi kumpuuza mtu mwenye rekodi fupi kama ya wenzake.

Pingamizi inayorudiwa zaidi ni kwamba makadirio yenyewe yamebadilika: tafiti za baadaye zilipandisha wastani hadi kati ya bilioni 17.6 na 18.1. Wanaolitaja hilo kama udhaifu wangetoa tu hesabu. Chukua kiwango cha juu kabisa, bilioni 18.1, ukitoe kwenye ahadi ya 20.35. Pengo ni zaidi ya bilioni 2, yaani linazidi fungu lote la Meksiko. Wataalamu wanabishana kuhusu ukubwa wa deni. Kwamba deni lipo, miti yao yote inakubaliana.

Na wastani huficha mengi. Kati ya 1130 na 1154, ukichukua miaka yote 25 kwa pamoja, mto ulileta chini ya asilimia 84 ya wastani uliopimwa karne ya 20. Katika karne ya 20 hakuna kipimo cha chuma kilichorekodi kipindi kirefu namna hiyo, na ukame ule ulikuja bila joto hili la sasa. Kanuni za 2007 za kugawana upungufu wa maji ya mto huu ziliwekewa ukomo wa 2026. Grafu ya miaka ile 25 inapaswa kutandazwa mezani kabla jimbo lolote halijataja fungu lake.