Kununua Nyumba Nyali: Uliza Ukuta Umesimama Wapi

Dada yangu mkubwa, ambaye ameishi Uingereza kwa zaidi ya miaka 20, aliniomba nimtafutie nyumba Nyali, mtaa wa kitajiri wa Mombasa, Kenya. Alitaka nyumba ya kurudi kuzeekea, yenye uwanja wa kutosha kupanda mwembe na mstafeli, karibu na bahari lakini si mbali na jamaa zetu walioko Mji wa Kale. Kazi hiyo ilinichukua miezi minne. Niliingia nyumba 11, nikazungumza na madalali, mawakili, walinzi na wavuvi, na nikatoka na msimamo ambao nataka kuueleza hapa kwa kirefu: mtaa wa kitajiri ndio mahali ambapo mnunuzi anapaswa kuwa na shaka zaidi, na ndipo wengi wetu tunapolegea.

Mtu anayekwenda kununua kiwanja Utange au Mishomoroni huandamana na mzee wa mtaa, humwita mpimaji, na huuliza majirani wa pande zote, kwa kuwa amesikia habari za kiwanja kimoja kuuziwa watu watatu. Mtu huyo huyo akiingia Nyali, akaona barabara zenye kivuli, mabougainvillea yaliyokatwa vizuri na mlinzi anayepiga saluti langoni, moyo wake hutulia. Hujiambia kwamba watu wakubwa wanaoishi hapa hawawezi kuwa walijenga mahali pasipo halali. Ukubwa wa majirani unageuka kuwa ushahidi wa hati, na hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa sababu ardhi ya umma iliyonyakuliwa katika nchi hii haikunyakuliwa mahali ambapo haina bei. Ilinyakuliwa mahali penye thamani, na Nyali ilikuwa na thamani mapema sana.

Inafaa tukumbuke mtaa huu ulivyotokea. Kabla ya kuwa Nyali ya mageti, sehemu kubwa yake ilikuwa shamba la mkonge, na kando yake walikuwapo watu wa Kongowea na Mkomani, jina ambalo linatokana na mikoma iliyokuwa ikiota huko. Kengeleni panaitwa hivyo kwa ajili ya kengele ya Frere Town, makao ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa mwaka 1875. Daraja la kuelea lilipowekwa mwaka 1931, na hasa daraja la sasa lilipofunguliwa mwaka 1980, bara ya kaskazini ikawa hatua chache tu kutoka kisiwani na mashamba yakageuka viwanja. Kwa kuwa ardhi ya mwambao ilianza kusajiliwa chini ya sheria ya mwaka 1908, hati nyingi za hapa zina historia ndefu, na wanunuzi hudhani kwamba urefu huo ni usafi. Hati inayoanza kwa MN/I, yaani Bara ya Kaskazini sehemu ya kwanza, inaweza kuwa ya zamani na safi kabisa. Inaweza pia kuwa kipande kilichochomolewa katika eneo la wazi miaka ya themanini na tisini, kikapewa namba yake, kikauzwa mara mbili, na leo kinasimama sokoni kama viwanja vingine vyote.

Sisemi haya kwa kukisia. Tarehe 21 Aprili 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa uamuzi katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, na kiwanja chenyewe kilikuwa hapa hapa, ufukweni Nyali. Kiwanja hicho kiligawiwa kwanza mwaka 1989 kwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, kikahamishiwa kampuni moja, kisha kikanunuliwa na kampuni iliyofungua kesi. Mwaka 2017 kaunti ilibomoa ukuta wake wa upande wa bahari ikisema inafungua njia ya umma ya kwenda pwani. Mwenye kiwanja alikuwa na hati, na jina lake lilikuwa katika masjala ya ardhi. Alijitetea kwamba alinunua kwa nia njema na kwamba hati yake inalindwa na sheria. Majaji walikataa. Walisema kwamba hati peke yake haitoshi chimbuko lake likitiliwa shaka, na kwamba ikiwa ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, aliyenunua baadaye hawezi kupata haki ambayo yule wa kwanza hakuwa nayo. Kisha waliongeza jambo ambalo laiti lingebandikwa katika ofisi ya kila dalali wa Mombasa: kiwanja cha ufukweni kwa asili yake kinavutia na kina faida kubwa, kwa hiyo mnunuzi wake alipaswa kuwa mwangalifu zaidi.

Maana ya uamuzi huo kwa mtu wa kawaida ni nzito. Zamani wakili alifanya upekuzi rasmi, akapata karatasi inayotaja jina la muuzaji na kuonyesha kwamba hakuna deni wala zuio, na mteja akalipa. Siku hizi karatasi hiyo ni mwanzo tu. Unapaswa kuifuata hati nyuma, mkono kwa mkono, hadi kwa mtu wa kwanza aliyegawiwa, kisha uulize kama kulikuwa na ramani ya mpango, kama barua ya ugawaji ilifuatwa na malipo na masharti yake, na kama mahali hapo palikuwa pametengwa kwa kazi nyingine. Wazee wetu walisema usione vyaelea, vimeundwa. Na hati vilevile ina mafundi wake.

Nyumba ya saba ndiyo iliyonifunza zaidi. Ilikuwa nzuri kwa kweli: kabro mpya uwanjani, jikoni la graniti, baraza pana linalopokea upepo wa kusi. Bei ilikuwa shilingi milioni 62, na dalali aliniambia kwamba nisipoamua wiki ile ingekwenda. Nilizunguka nyuma ya bustani nikautazama ukuta. Sehemu kubwa yake ilikuwa ya mawe ya matumbawe, yenye kuvu nyeusi na chokaa inayomomonyoka, lakini katikati palikuwa na kipande cha matofali ya simiti ambacho nilikipima kwa hatua zangu, zikafika nane. Upande wa pili wa bustani, kwenye ukuta wa barabarani, palikuwa na kipande kingine kama hicho, upana ule ule, kikitazamana na cha kwanza kwa mstari ulionyooka.

Nilitoka nikazunguka hadi ufukweni. Chini ya mvinje alikuwa ameketi mzee mmoja mvuvi, akishona wavu. Tuliamkuana, nikamuuliza kama anaijua nyumba ile. Alinyanyua uso akatazama ukuta, akaniambia, "Mwanangu, hapo palikuwa njia. Tulikuwa tukipitisha samaki hapo kwenda Kongowea. Siku hizi twazunguka."

Wakili wetu alikwenda kuchukua ramani ya zamani ya upimaji, na njia ilikuwamo, imechorwa kwa mistari miwili, ikishuka kutoka barabarani hadi baharini. Katika hati ya muuzaji njia hiyo haikuwapo, kwa sababu viwanja viwili vya kila upande vilikuwa vimeunganishwa kuwa kimoja na njia ikamezwa katikati. Wakili wa muuzaji alijibu kwa barua fupi kwamba upekuzi uko sawa na jina la mteja wake ndilo lililosajiliwa. Hilo lilikuwa kweli kabisa, na kwa mujibu wa uamuzi wa mwaka 2023 halikuwa jibu. Tulijiondoa kabla ya kulipa ile asilimia 10 ya kwanza, ambayo ingekuwa shilingi milioni 6.2, fedha ambazo dada yangu amezikusanya kwa zamu za usiku katika hospitali ya watu. Dalali alinuna, na mpaka leo hapokei simu yangu.

Wako wanaoniambia kwamba nikinunua hivi sitanunua kamwe, kwamba kila kiwanja cha pwani kina kasoro fulani na kwamba serikali haiwezi kubomoa Nyali nzima. Naielewa hoja hiyo, lakini siikubali. Mosi, haihitaji kubomoa mtaa mzima ili wewe upoteze akiba yako. Ukuta mmoja unatosha. Pili, kuna watu upande wa pili wa ukuta. Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma, lakini haki hiyo haina maana ikiwa njia za kuifikia zimefungwa na watu wa Mkomani wanabaki kuzunguka mwendo mrefu kufika kwenye ufuo ambao babu zao walivua. Anayenunua njia iliyozibwa, hata kama si yeye aliyeiziba, anaendelea kuiziba kila siku anayoishi pale.

Kuna mambo mengine ambayo mnunuzi wa Nyali huyapuuza kwa sababu ya uzuri wa lango, na maji ndiyo ya kwanza. Maji ya Mombasa yanatoka mbali, Mzima huko Tsavo na Baricho kwenye Mto Sabaki, na bomba hata katika mtaa huu laweza kukaa kavu kwa siku nyingi. Kwa hiyo nyumba nyingi zina kisima, na kisima kilicho karibu na bahari hutoa maji ya chumvi. Mimi nilikuwa nikiingia bafuni kabla ya sebuleni. Nilifungua bomba, nikaonja maji kwa ncha ya ulimi, nikasugua kipande cha sabuni kuona kama kinatoa povu, kisha nikaenda jikoni kutazama ndani ya birika. Birika lenye ganda jeupe la unene wa ukucha linakueleza gharama ambazo dalali hakutajii: mabomba yatakayoliwa na kutu, na boza la maji utakalokuwa ukiliita kila mara. Uliza pia shimo la maji taka liko umbali gani kutoka kisimani, lako na la jirani, kwa kuwa mtaa umekaa juu ya mwamba wa matumbawe na mwamba huo una matundu.

Kuhusu kodi, nitasema moja tu. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, na hulipwa na mnunuzi. Kwa nyumba ya milioni 60 hizo ni milioni 2.4. Muuzaji naye, tangu Januari 2023, hulipa asilimia 15 ya faida aliyopata, badala ya asilimia 5 ya awali. Ndiyo maana utaombwa mkataba uandikwe bei ndogo na nyingine ulipe kando. Ukikubali, fedha ulizolipa kando hazimo katika mkataba wowote, mambo yakiharibika huna cha kudai, na siku utakapouza wewe faida yako itaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Kwa ndugu walioko ng'ambo liko jambo la uraia. Dada yangu alichukua uraia wa Uingereza kabla ya mwaka 2010, wakati sheria yetu ilipokuwa bado hairuhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo alikuwa amepoteza wa Kenya bila kulifikiria sana. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi hapa isipokuwa kwa ukodishaji usiozidi miaka 99, na hata akiandikiwa milki ya kudumu, Katiba inaihesabu kuwa ukodishaji tu. Katiba hiyo hiyo inamruhusu kuomba uraia wake arudishiwe. Tulianza na ombi hilo kabla ya kutafuta nyumba, na namshauri kila mtu afuate mpangilio huo.

Ninachoitaka serikali ya kaunti si kikubwa. Ramani za awali za Nyali zipo, zikionyesha njia za kwenda pwani na maeneo ya wazi kama yalivyopangwa. Zitundikwe mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuzitazama bila kumjua mtu ofisini, na kila njia iwekewe alama yenye namba. Uamuzi wa mahakama umeweka mzigo wa uchunguzi juu ya mnunuzi, na ni haki, lakini mnunuzi hawezi kuchunguza kilichofungiwa kabatini. Sisi tulikuwa na wakili mvumilivu na mzee aliyekuwa akishona wavu chini ya mti. Wengine hawana.

Nyumba ya saba ilinunuliwa na mtu mwingine baada ya wiki sita. Dada yangu alinunua ya 11, iliyo ndogo zaidi na kuukuu, jikoni lake bado lina makabati ya mbao za zamani na kisima chake kina chumvi kidogo. Hati yake tuliifuata hadi ugawaji wa kwanza, mikono mitano, na kila mmoja una karatasi yake. Njia ya kwenda pwani inapita kando ya ukuta wake, upande wa kushoto, na alfajiri ya kwanza aliyolala pale aliamshwa na sauti za wavuvi wakipita na vikapu.