Alteneta ya Yadi ya Marekani na Alteneta ya Gerezani, Kariakoo

Sisi tulioko Marekani tukipiga simu nyumbani hatuachi kujisifu kwamba huku spea used ni bei ya bure. Hiyo ni nusu ya habari. Spea yenyewe ni rahisi kweli. Ghali ni mkono wa kuifunga.

Chukua alteneta ya Corolla, kile kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka. Iliyofufuliwa kiwandani, dukani inaanzia kama dola 150. Kwenye yadi za magari mabovu, zile za kujivulia spea mwenyewe, unaondoka nayo kwa dola 30 hadi 60, na bei haiangalii gari. Iwe ya Corolla au ya BMW, alteneta ni alteneta, kama orodha ya ukutani inavyosema. Mlangoni unalipa kiingilio cha dola 2 au 3, sanduku lako la spana linakaguliwa, na jeki huruhusiwi kuingia nayo. Magari yameshanyanyuliwa juu ya rimu zilizochomelewa. Ukifika kwa keshia kuna amana ya ziada, unayorudishiwa ukileta alteneta yako mbovu, kwa sababu kuna wanaoinunua ili waifufue. Wengi huiacha ile mbovu imelala gereji hadi risiti inapotea, na amana inakwenda nayo.

Sasa ipeleke ukafungiwe. Katika miji mingi saa moja ya fundi imepita dola 100, na gereji nyingi hazitaki kabisa kufunga spea uliyokuja nayo mkononi. Zinazokubali hazikupi dhamana. Hesabu ya nafuu inaishia hapo. Huku spea used ni ya mtu anayejua kushika spana mwenyewe, na asiyejua ni heri anunue iliyofufuliwa.

Kuivua si kazi kubwa. Kwa Toyota, soketi za 10, 12 na 14 zinamaliza karibu kila kitu. Legeza mkanda, chomoa plagi, fungua nati ya waya mnene, kisha bolti zinazoishika. Plagi ndiyo inayoharibu siku: plastiki iliyokaa miaka 15 kwenye joto la injini hupasuka ukiigusa. Usishindane nayo. Kata waya sentimita 15 nyuma ya plagi, uondoke na kipande kizima, na bolti usiziache. Zungusha puli kwa mkono kabla ya kwenda kulipa. Ikikwaruza, beringi zimekwisha.

Ila kabla ya kuvua chochote, lisome gari lenyewe. Lililogongwa nyuma mpaka buti likajikunja huenda lilikuwa linatembea vizuri siku hiyo hiyo, kwa hiyo mbele yake kuna mali. La kuogopa ni lile lisilo na mkwaruzo, maana mara nyingi lililolileta pale ni injini au gia boksi. Inua zulia. Ukikuta tope lililokauka, gari limelala kwenye mafuriko: chukua mlango ukitaka, kitu chochote cha umeme kiache.

Hapo ndipo nyumbani tunapozidiwa. Kwenye maduka ya spea ya Gerezani pale Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road Nairobi, gari hulioni, unaona rafu. Injini imeoshwa inang'aa kama sufuria ya harusi. Basi fungua kifuniko cha oili: ukikuta ute mweupe kama maziwa mgando, maji yameingia kwenye oili. Angalia maungio ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na ya kifuniko cha juu. Silikoni iliyotoka nje kwa fujo ni dalili kwamba imefunguliwa mtaani, haijaja hivyo kutoka Japani. Kama muuzaji ana kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kitumie, na tofauti kati ya silinda isizidi asilimia 10. Gia boksi ya otomatiki ivutie oili kwenye tishu nyeupe. Nyekundu ni nzuri. Ya kahawia yenye harufu ya kuungua, shukuru ukaondoke.

Halafu namba. Watu husema "nataka injini ya IST" kana kwamba Toyota IST ni moja. Yenye chesisi ya NCP60 ina injini ya 2NZ ya cc 1300, ya NCP61 ina 1NZ ya cc 1500. Hata hizo 1NZ hazifanani: za mwanzo throto yake, yaani mlango wa hewa ya injini, inavutwa na kebo, za baadaye ni ya umeme. Ukichukua ya umeme ukaiweka kwenye gari la kebo, utarudi kutafuta kontroli boksi (kompyuta ya injini), waya na pedali yake, na bei uliyoikimbia inakukuta njiani. Nenda na kadi ya gari na picha ya injini ya zamani pande zote nne.

Lakini kuna jambo moja nyumbani linalotushinda huku. Muuzaji ana betri sakafuni na waya mbili, na stata inazungushwa mbele ya macho yako. Ikifa mwakani, kuna fundi mtaani anayeifungua, anabadili kaboni na beringi, hata kuisuka upya, na unalipa sehemu ndogo ya bei ya nyingine. Huku fundi wa namna hiyo ni wa kutafutwa kwa tochi; kitu kinatupwa kizima kwa sababu ya kaboni mbili.

Kinachoudhi nyumbani ni ile risiti yenye "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Yadi za huku hutoa siku 30 hivi, ingawa mara nyingi unabadilishiwa tu, pesa hurudishiwi. Muuzaji mwenye duka la kudumu hukubali siku tatu za kujaribu ukipatana naye kabla ya kulipa, na ukiandika namba ya injini kwenye risiti. Usimtume fundi peke yake. Cha juu chake kitaingia kwenye bei. Na saiti mira yenye namba ya gari ya mtu mwingine iliyochongwa kwenye kioo, iache hapo hapo.

Pedi za breki, mkanda wa taimingi, ea bagi na mikanda ya viti usinunue used popote. Tairi soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba iliyopigwa ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kwa wanaotaka kujaza kontena la spea kwenda nyumbani: kompyuta ya duka la Marekani inasaka kwa namba ya chesisi ya herufi na tarakimu 17, na gari la nyumbani lililotoka Japani halina namba hiyo, kwa hiyo linganisha namba iliyopigwa kwenye spea yenyewe. Steringi raki ya huku ni ya usukani wa kushoto, haifungi. Taa za mbele zinaweza kukaa vizuri kabisa kwenye matundu yake, lakini mwanga wake umeelekezwa kulia, na barabara ya Morogoro usiku, kulia ndiko linakokuja basi.