Kata Kulia Uende Kushoto

Usukani wa boti ya bosi ulianza ubishi tangu kusi iliyopita. Ukitaka kukata kona ilibidi uukwee kama mnazi: mguu kwenye dashibodi, mikono miwili, na dua. Bosi alisema ni uzee wa mashine. Fundi akasema ni kebo, ile inayotoka kwenye usukani kwenda nyuma kuigeuza mashine, na kwa hilo alikuwa sahihi, nampa haki yake mapema maana huko mbele sitampa nyingine. Ganda la kebo lilikuwa limepasuka pale linapopinda kwenda nyuma, maji ya chumvi yakahamia humo, na ukipitisha kidole unagusa chuma kilichovimba kwa kutu. Kebo iliyofika hapo haipakwi grisi ikapona. Unang'oa, unaweka nyingine, kwa sababu siku itakayoamua kukatika haitakusubiri ufike ufukweni.

Boti yenyewe ni ya starehe, ya faiba, mashine ya hosipawa 60, makazi yake Kunduchi, Dar es Salaam. Kazi yake ni kumpeleka bosi na familia kisiwani Mbudya siku za Jumapili, wakale samaki chini ya mivinje, warudi. Kazi yangu ni kuiosha, kuitia mafuta na kukubaliana na bosi.

Kebo tulianza kuitafuta mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya spea. Jamaa wa spea akatutolea kebo ya gia ya lori, akaipangusa vumbi. "Hii ni ile ile, bosi. Tofauti yake jina tu." Bosi mkono ulishaingia mfukoni. Nikamwonyesha yule jamaa kipande cha ile yetu: urefu umeandikwa kwenye ganda, futi 14, na waya wake wa ndani umezungushiwa waya mwingine toka mwanzo mpaka mwisho. Hayo ndiyo meno yanayoshika kwenye gia ya usukani. Hii yako haina meno, nikamwambia.

"Yataota," akasema.

Mwishowe shemeji yake bosi aliyeko Dubai akatuma seti nzima, kebo pamoja na boksi lake la gia. Fundi akaitwa.

Kufunga si kazi. Kazi ni kutoa. Kebo ya boti inaishia kwenye fimbo ya chuma cha pua, nayo fimbo inapita ndani ya bomba lile lile ambalo mashine hulitumia kuinukia. Grisi ya miaka ilikuwa imekauka humo ikashikana na chumvi, fimbo imekabwa haiendi mbele wala nyuma. Fundi akakata kebo kwa msumeno wa chuma, akabaki na fimbo peke yake. Akamimina mafuta ya breki, akagonga. Akamimina dizeli, akagonga. Akavua shati. Vijana waliokuwa wakipara samaki wakaacha visu wakaja kugonga. Hakuna kitu. Fundi akaleta mtungi wa gesi na kuwasha moto.

Bosi, aliyekuwa amekaa ndani ya boti akitoa ushauri, akauliza kwa sauti ya upole, "Fundi, tenki la petroli mmeliweka wapi?"

"Lipo, bosi. Si hilo ulilokalia?"

Sijawahi kumwona mstaafu akiruka vile. Tenki likahamishwa, bomba likachomwa likapata joto, nyundo moja ya mwisho, na fimbo ikachomoka kwa kishindo, ikapaa, ikatua kwenye beseni la dagaa la mama mmoja aliyekuwa anapita zake. Tulinunua beseni zima. Mpaka leo kwa bosi ukitaja dagaa watoto wanatoka mezani.

Sasa ile seti mpya. Boksi la gia lina midomo miwili: mmoja wa kuingizia kebo, mwingine wa kutokea mkia wake ukizungusha usukani. Ukichomeka kwenye mdomo siyo, kila kitu kitafanya kazi, ila kinyume. Karatasi ya maelekezo ilikuwepo, tena ya picha. Fundi aliifutia mikono. Boksi la zamani ambalo tungeliangalizia lilishauzwa kwa mtu wa vyuma chakavu, na sikuona chenji.

Tukajaribu boti ikiwa nchi kavu. Usukani laini, kidole kimoja kinatosha. Mimi niko nyuma. Bosi akazungusha kulia, propela ikaenda kushoto.

"Fundi, mbona imeenda kushoto?"

"Kushoto kwako au kwa boti?"

"Kwa boti."

"Ndiyo inavyotakiwa. Mashine ikienda huku, boti inakwenda kule. Fizikia hiyo."

Alilitamka hilo neno kwa uzito kiasi kwamba bosi, mtu wa benki, alitikisa kichwa kukubali. Nami kazi yangu nimeshaitaja.

Jumapili wakwe wakaja. Mama mkwe na hotpoti za pilau, jaketi la kuokolea juu ya khanga. Baba mkwe mzee wa Mafia, kimya, tambuu shavuni, enzi zake nahodha wa majahazi. Bosi alitaka mzee amwone akiendesha, kwa hiyo usukani akaushika mwenyewe. Maji yamejaa, pwani imejaa watu wanasubiri samaki.

Kunyoosha tulinyoosha vizuri sana. Mbele kushoto palikuwa na dau limetia nanga, na ndani yake bwana mmoja anachota maji kwa kopo. Bosi akakata kulia kidogo. Boti ikaelekea kushoto kidogo.

"Kata kulia, bosi!"

"Nimekata!"

"Ongeza!"

Akaongeza. Boti nayo ikaongeza. Yule bwana akasimama na kopo lake. "Bahari yote hii! Bahari yote hii umenipenda mimi?" Bosi akapunguza moto, tukapita tukisugua amari ya dau, yaani kamba ya nanga yake, hotpoti zikahama upande, mama mkwe akaanza shahada na kuimaliza, akaanza tena. Bosi kwa hofu akakata kushoto, tukageuka kulia, tukalizunguka dau lote tukarudi pale pale. Ufukweni watu walishaacha samaki.

Hapo ndipo mzee alipotema tambuu. "Nipishe, baba."

Akaushika usukani kwa mkono mmoja, juu kabisa, na hakuuzungusha: aliusukuma, anavyosukuma kana ya jahazi, ule mti wa kugeuzia usukani wa nyuma. Kana ukiisukuma kushoto chombo kinakwenda kulia, mzee hajui namna nyingine. Akasukuma kushoto, boti ikaenda kulia. Tukapita katikati ya mashua, tukatoka, tukafika Mbudya bila kumwagika hata chai.

"Boti nzuri," akamwambia mkwewe. "Hizi nyingine huwa wanazifunga kinyume."

Kurudi, mzee aliendesha tena. Bosi alimpigia fundi, fundi akauliza kama kuna mtu aliyeweza kuiendesha. Akaambiwa yupo. "Basi kebo haina tatizo," akasema, na kuihamisha mdomo akaihesabu kazi mpya, na hela mpya. Bosi akalipa. Sasa ukikata kulia inakwenda kulia.

Idi wakwe wakaja tena. Mzee hakungoja kukaribishwa. Akapanda, akaenda moja kwa moja kwenye usukani, akaweka mkono wake juu kabisa, akaniambia ng'oa nanga. Mkwe hamwambii baba mkwe kwamba hajui kuendesha chombo. Bosi akanitazama mimi, mimi nikamtazama yule bwana wa dau, naye alishatuona, anavuta amari yake haraka haraka.